Maombi ya Kumuaga Frauke

Mbugangari, Jumapili

Dada Connie,

Hatujambo hapa. Maharage ya shamba la Busasamana tumeshavuna, na mume wangu, Baba Teta, amepona jino.

Yule mwanafunzi Mjerumani tuliyempokea, Frauke, aliondoka jana asubuhi. Mwaka mzima alilala kwenye kitanda cha marehemu binti yangu Umuhoza, nikamzoea kama mwanangu. Unajua kwetu mgeni haondoki bila maombi. Tulishikana mikono sebuleni, tukafumba macho, Baba Teta akaomba kirefu mpaka teksi ikapiga honi. Mkono wa Frauke ukaniponyoka. Kisha ukarudi, nikaushika.

Dada, kidole cha mwisho cha mkono ule kilikuwa kimepinda. Unakumbuka mlango wa jikoni ulivyombana Umuhoza akiwa na miaka minne, kidole kikapona hivyo hivyo.

Sikufumbua macho. Baba Teta alipotaka kumaliza nikadakia, nikaombea njia, nikaombea marubani, nikaombea hata mizigo. Huko nje nilimsikia Frauke akicheka na dereva.

Binti yangu Teta ameniuliza kwa nini sikutoka kumsindikiza mgeni. Nimemwambia miguu iliniuma. Wewe nakuambia ukweli: nilijua nikisema Amina, ataniachia mkono.

Mdogo wako,
Donatille