Kibao Shingoni, Kodi ya Amerika

Jumatatu, 16 Juni 2014
Sijawahi kumwambia mtu: natamani kusema mbele ya watu. Mimi, ambaye hata jina langu likiitwa darasani naitika kwa kunong'ona.

Nimechota maji, nimefagia mlango wetu hapa kambi ya polisi, nimechelewa shule. Mwalimu Baluku wa historia ametoa mada ya mdahalo wa Ijumaa. Mwaka 1895 Mahakama ya Juu ya Amerika ilifuta kodi ya mapato. Majaji watano dhidi ya wanne. Wenye nyumba za kupangisha na wenye hisa hawakutaka kuguswa. Je, ilitenda haki? Sharifa, binti wa mwenye malori, atasema ndiyo. Mimi hapana. Mshindi atatuwakilisha kwenye mashindano ya shule mjini Hima.

Sharifa akaniambia chini chini, "Mutoto wa afande, utaongea ama utatuangalia tu?" Wote nyuma wakacheka. Nilitaka kumtupia kiatu.

Jumanne, 17 Juni
Nimemuuliza Baba kama analipa kodi ya mapato.

"Mimi silipi, mama. Wanakata wenyewe, mshahara sijaushika bado."

Akacheka. Mimi sikucheka. Wiki hii amepangwa kulinda nyumba za kupangisha za mkubwa mmoja hapa Bwera. Wale majaji watano wangempenda sana huyo mkubwa. Nawachukia. Wamekufa zamani, bado nawachukia.

Ijumaa, 20 Juni
Nimeharibu.

Sharifa alimaliza kwa Kiingereza safi: mali ya mtu ni yake. Nikasimama. Kiingereza chote kikatoroka. Mdomo ukafunguka wenyewe, kwa Kiswahili: "Nyumba ya tajiri ilipata majaji watano. Jasho la baba yangu litapata nani?"

Walipiga madawati. Walinishangilia, mimi!

Mwalimu Baluku akanivika kibao. Kile cha mbao, cha anayenaswa akisema lugha isiyo Kiingereza. Unakivaa mpaka umnase mwenzako, umvike yeye. Na Jumatatu niombe msamaha mbele ya shule nzima. La sivyo Hima ataenda Sharifa.

Msamaha wa nini? Baba ni Mteso, Mama ni Mkonzo, makabila mawili, lugha mbili. Walitongozana kwa Kiswahili. Bila hicho mimi nisingekuwepo.

Getini Sharifa akanikimbilia. Kiswahili, makusudi, kwa sauti. "Nimesema, si umesikia? Nivike mimi, mujinga wewe." Nusura nilie. Nikakataa. Simnasi mtu.

Jumapili, 22 Juni
Mvua kidogo. Mama bado yuko kanisani. Kibao nilikificha chini ya godoro pamoja na daftari hili. Nimevitoa vyote viwili. Kibao nimekivaa juu ya gauni. Kizito kuliko nilivyofikiri.

Sitaomba msamaha. Hima aende Sharifa.

Buti za Baba zinakuja. Siku nyingine daftari lingekuwa limesharudi chini ya godoro. Leo liko wazi mezani. Ataniuliza nimevaa nini. Nitamsomea tangu Jumatatu, yote, kwa sauti.