Shangazi, Nasikia Unatetemeka Huko

Shangazi yangu,

Atupele amekuota tena. Anasema ulisimama kwenye mlango wa jiko lako hapa Ikuti, umejikunyata, unaomba blanketi. Alisimulia mbele ya vijana wenzake wote, nao wakageuka kunitazama mimi. Wewe ndiye uliyewafundisha kutazama hivyo, kwa hiyo sina wa kumlalamikia.

Wanajua unachokijua. Kwetu mtu akikosewa akabaki ananung'unika chini kwa chini, pumzi yake inageuka mbepo, baridi isiyohusiana na hali ya hewa, ikamshika aliyemkosea. Mchungaji alikuwa anasema hizo ni imani za giza. Alisema hivyo akiwa amefunga vifungo vyote vya koti.

Ndiyo maana ulianzisha yale mazungumzo ya Jumamosi sebuleni kwako, ukungu ukiwa umekaa kwenye migomba na vijana hawana pa kwenda. Mimi niliyeishia darasa la saba ukanipa kazi ya kuchemsha chai na kutuliza wenye haraka. Sheria yako ilikuwa moja: kabla hujamjibu mtu, mrudishie maneno yake mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mmoja akauliza kama huo ni mdahalo au kasuku wanafundishwa kuongea. Ukamrudishia maneno yake taratibu, mbele ya wenzake, akaona aibu kuyakubali.

Halafu akaugua Lusajo. Unakumbuka alivyotetemeka mchana, jua limewaka, kajifunika mablanketi, na hospitali hawakuona kitu. Wenzake wakamtaja Mzee Ambakisye. Walipanga kumfukuza kijijini siku hiyohiyo, na mmoja alishakuja na kibiriti mfukoni. Ukawaambia sawa, ila mleteni kwanza hapa anywe chai.

Sijawahi kuona chai ikipoa haraka namna ile. Niliimimina inatoa mvuke, na kabla kikombe hakijamfikia mzee ilikuwa ya baridi kama maji ya mtoni.

Lusajo akasema mzee anamuua. Mzee akarudia bila kupunguza neno: "Unasema mimi nakuua." Lusajo akakubali kwamba ndivyo. Ndipo mzee akasema kilichokuwa kimemkaa.

"Siku ya kikao cha barabara tulikataa migomba yetu kukatwa. Wewe ukasema wazee wangekufa mapema barabara ingepita. Watu wakacheka. Mimi nilinyamaza mdomo tu."

Ikawa zamu ya Lusajo kurudia. Alifungua mdomo, meno yakagongana. Hakuna aliyemsaidia, ulitukataza kwa jicho. Alipofika kwenye lile la kufa mapema, sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee, Shangazi, na mzee mwenyewe alikuwa amefumba mdomo, anasikiliza.

"Ndivyo," mzee akasema.

Lusajo akaomba radhi kwa sauti yake ya siku zote, akaweka blanketi chini. Yule mwenye kibiriti ukamtuma akawashe moto jikoni.

Siku hizi ni mimi ninayekaa na hao vijana. Wanakuja bado, na wanagombana kistaarabu kuliko wakubwa wao. Lakini upande uliokuwa unakaa wewe hakuna anayependa kukaa. Wanasema kuna baridi. Mwanzoni niliwaambia ni dirisha. Nikalibadilisha dirisha.

Basi nalisema langu, kwa adabu kama ulivyotaka. Ulikuwa unaumwa, ulijua, ukawaambia watu wote mpaka muuza vitunguu, isipokuwa mimi. Kila asubuhi nilikuletea chai, na kila asubuhi ukaniambia ni mafua. Habari kamili niliipata msibani, kwa watu waliodhani naijua. Nikasikia hasira nikiwa nimeshika jembe juu ya kaburi lako, nikafukia sijasema kitu. Niliporudi nyumbani nikaanza kunung'unika, na sikuwahi kuacha.

Pengine uliniona mtoto. Pengine uliogopa nitakavyokutazama. Sijui, maana hukunipa nafasi ya kukusikia, wewe uliyewasikiliza watu wa kijiji kizima.

Haya yote nimeyasema kwa sauti huku nayaandika, hapa jikoni kwako, neno kwa neno. Hakuna lililobaki kifuani. Radhi usinitafutie, sikudai. Nataka tu upate joto.

Mimi,
mtoto wa kaka yako.