Habari Ambayo Mzee Rutebuka Alishindwa Kuitoa

Gitega, Kigali
Mwishoni mwa 1994

Kwako Dada Konsolata,

Kabla ya salamu, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Shangazi ninayelala naye kitanda kimoja. Kaka Gaspari amefariki. Nimelijua hilo kwa wiki tatu, na wiki zote hizo nimekula, nimecheka na kushona kama mtu asiyejua.

Sasa shikamoo, Dada. Watoto hawajambo? Kifua cha Mama kinaendeleaje? Mimi ni mzima. Barua nimeielekeza shuleni unakofundisha kwa sababu ikifika nyumbani Mama atataka isomwe kwa sauti mbele ya majirani, kama kawaida yake.

Ilikuwa hivi. Askari mmoja, anaitwa Fideli, alileta suruali kwa Shangazi itiwe kiraka. Shangazi alikuwa ametoka kununua uzi. Fideli akanikazia macho mpaka nikainama juu ya cherehani.

"Wewe iko dada ya Gaspari," akasema. "Sura moja! Hata kuinama namna hiyo, ni yeye kabisa."

Nikaitikia. Amekulia Uganda, Kiswahili chake ni cha jeshini. Akavuta kigoda. "Pole sana, dada. Mama alipokea aje? Ule mzee tuliyemtuma alirudi, akasema amefika, amemwona Mama. Tukashukuru Mungu."

Hapo nilipaswa kusema kwamba hatukuwa na habari. Lakini unanijua. Nikasema, "Alipokea vizuri," nikaendelea kukanyaga cherehani isiyo na kitambaa.

Basi akadhani najua yote, akanisimulia ya Kaka tangu alipotoroka nyumbani, akavuka mpaka kwenda kujitolea jeshini. Walikuwa kikosi kimoja cha askari wa miguu. Siku ya kwanza ya mazoezi Kaka alimwambia mkufunzi "Shikamoo, afande," na vijana wote wa Uganda wakafa kwa kicheko. Tangu siku hiyo jina lake likawa Shikamoo. Kwa miaka miwili alibeba masanduku ya risasi milimani, mvua ikimnyeshea, na hakulalamikia kitu ila viatu.

Vita vilipofika Kigali walikuwa kwenye mteremko wa Gikondo. Waliwakuta watu wamejificha ndani ya gereji, wazee na watoto, siku nyingi bila maji. Kaka akachukua dumu, akashuka bondeni. Akaleta. Akashuka tena. Alipotaka kwenda mara ya tatu Fideli akamwambia, "Shikamoo, acha sasa, unatafuta nini?"

"Samahani," Kaka akasema, "kuna mama mmoja kule nyuma hajapata."

Bomu lilianguka njiani, akishuka. Walimzika kando ya ukuta wa kanisa, ndani ya blanketi lake. Fideli hajui kama yule mama alipata maji.

Jumapili nilimwambia Shangazi nakwenda misa, nikaenda huko. Pana msalaba wa vijiti, hauna jina. Nikang'oa magugu. Sikulia, Dada. Jirani yetu hapa amebaki peke yake katika nyumba yao yote, na mimi huona haya kumlilia mtu mmoja mbele yake.

Niliporudi nikaisoma tena ile barua uliyoniandikia kwa niaba ya Mama. Kwamba Mzee Rutebuka alitokea Kigali, Mama akapiga vigelegele kabla mgeni hajaketi, akachinja kuku, na Mzee akasema Gaspari anawasalimu. Uliandika kwamba alikuwa akifuta macho kwa sababu ya moshi. Wewe wajua desturi yetu: habari kama ile hupewa mtu mzima aipeleke, akae, asubiri nyumba itulie, ndipo aseme. Yeye alikuta kuku yuko chunguni. Angeanzia wapi? Mimi mwenyewe nilishindwa mbele ya kijana aliyekuwa akinipa pole.

Lakini Mama sasa anamtafutia Kaka mchumba, na umesema amekwisha kwenda kwa wazazi wa msichana. Hatuwezi kumwacha aendelee. Nenda kwa Baba Mkubwa. Aende na wazee wawili, asubuhi mapema kabla Mama hajawasha moto, na wasikubali kupewa chochote, hata maji. Wewe ukae karibu yake. Iwe Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Siku hiyo nami nitamwambia Shangazi, ili tulie siku moja, ninyi huko na sisi huku.

Nisalimie Shemeji na watoto wote, na Bibi mzaa Mama, na mke wa Baba Mkubwa aliyenifundisha kusuka vikapu.

Baba Mkubwa aseme kwamba habari imetoka kwangu. La Mzee Rutebuka tulijue wewe na mimi tu. Mama atakuuliza kama Mzee alijua, Dada, maana ataikumbuka siku ile, na atakutazama usoni. Sema hujui.

Mdogo wako akupendaye,
Veneranda