Kasha la Kanda Namba 212

MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: Kasha la kanda kutolewa stoo ya kampuni ya santuri bila kibali
Shahidi: Mkurugenzi mstaafu wa kampuni hiyo (jina kamili limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 71
Kazi: Mshauri wa kampuni, maana yake bado nina kiti
Makazi: Nyumba ya ghorofa moja, nyuma ya kiwanda cha zamani cha santuri
Tarehe: 16 Machi 2017, kuanzia saa 4:10 asubuhi

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Afande ameniomba nisizunguke. Nimefupisha nyimbo za watu miaka thelathini, kwa hiyo kufupisha najua, ila jambo hili halikuanza juzi.

Niliajiriwa mwaka 1968 kubeba makasha ya santuri kutoka kiwandani hadi kwenye gari. Baadaye nikawa muuzaji, nikazunguka mji hadi mji na gramafoni ya kampuni. Mwaka 1979 nikapewa idara ya kurekodi, na mwaka 1981 ukurugenzi, ambao niliushika hadi 2011. Mazoea yangu yalikuwa kutoingia chumba cha mitambo bendi ikirekodi. Nilisimama koridoni, mlango umefungwa, kwa sababu watu wengi husikia wimbo ukitoka kwa jirani. Ukinifikia pale, naupitisha. Usiponifikia, basi. Wanamuziki waliniita Mzee Korido, na nikiwapa kisogo nadhani waliniita mengine. Wapo waliopata jina kwa sababu ya korido ile, na wapo walioacha gitaa wakaenda kuuza mitumba. Hao hawakuwahi kuninyima usingizi.

Mnamo tarehe 9 Agosti 1983, siku ya Jumanne, saa 8 mchana, alikuja kurekodi mwimbaji mmoja, ambaye ndiye mama mzazi wa mtuhumiwa. Alikuja na mtoto wa miezi minne. Mtu aliyeahidi kubaki na mtoto hakutokea, akaingia naye studio. Aliimba wimbo mmoja, akisindikizwa na gitaa moja. Karibu na mwisho mtoto alilia. Nilifungua mlango nikasema, "Umeharibika huo. Rudi wiki ijayo, na mtoto umwache nyumbani." Fundi mitambo akaniambia, "Bosi, mimi ningeuacha hivyohivyo." Nikamjibu kazi yake ni kubonyeza. Yule mama alisema tu, "Sawa, kaka." Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Hakurudi. Aliugua mwezi uliofuata, na mwezi wa kumi na moja tukapata habari za msiba. Nilituma mtu aende kutoa pole. Mimi sikwenda.

Wakati ule kanda tupu zilikuwa adimu. Utaratibu wa kampuni, nilioutunga mimi, ulikuwa kwamba wimbo usiopitishwa ndani ya miezi sita unafutwa na kanda inatumika tena. Makasha nayo yalikuwa adimu, kwa hiyo lebo ya zamani iliachwa kwenye kasha, na kilichorekodiwa upya kiliandikwa daftarini. Februari 1984 nilisaini orodha ya kanda za kufutwa. Namba 212, kanda ya mama yule, ilikuwamo. Juu yake tulirekodi tangazo la sabuni ya kufulia. Daftari lile liliozeshwa na mvua, fundi amekwisha kufariki, na kasha limeandikwa jina la mama wa mtuhumiwa hadi leo.

Mwezi Januari mwaka huu mtuhumiwa alifika ofisini kwangu. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Alisema shangazi yake amemwambia mama aliwahi kurekodi kwetu, na kwamba hajawahi kuisikia sauti ya mama yake. Nilimpeleka stoo, sijui kwa nini. Labda niliona aibu kukataa. Alipoliona kasha alilishika kwa mikono miwili akasema, "Baba, naomba niisikilize mara moja tu. Sitaki kitu kingine."

Nilipaswa kumwambia palepale. Nilimwambia mashine ni mbovu, aje wiki ijayo. Mashine ni nzima. Alikuja wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mara fundi wa sasa kasafiri, mara waya umekatika, mara umeme mdogo. Tukikaa kungoja fundi ambaye nilijua haji, nilimfundisha namna ya kutunza kanda. Nimewakatalia watu wazima usoni bila kupepesa macho, lakini huyu alinishinda. Niliogopa, na kadiri nilivyochelewa ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Tarehe 13 Machi wenye kampuni walitangaza kwamba stoo inafungwa na kanda zote zitatupwa. Kesho yake, saa 3:30 asubuhi, mtuhumiwa alikuja akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli.

"Na ya mama je?"

Nikamwambia aje wiki ijayo. Aibu gani hiyo. Alinitazama, akasema, "Haya, baba." Ufunguo wa stoo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango wangu. Nilimwona akiuchukua, nami nikajifanya nasoma gazeti. Mtunza stoo alimwona akitoka na kasha mkobani, akatoa taarifa. Simlaumu, alifanya kazi yake.

Nimeulizwa thamani ya kanda hiyo. Kwa kampuni haina, ilikuwa inakwenda jalalani. Naomba iandikwe kwamba hakuiba. Nilimwona, ningeweza kumzuia, na sikumzuia. Iandikwe pia kwamba ndani ya kasha kuna mwanamume anasifia sabuni, na kwamba sauti ya mama yake niliifuta mimi kwa sahihi yangu.

Askari wa kaunta ameniambia kwamba tangu alipokamatwa jana mtuhumiwa ameomba jambo moja tu, kasha lisiwekwe dirishani, kwa sababu jua linaharibu kanda. Nimechoka, afande. Naomba asiambiwe na mtu mwingine. Nitamwambia mwenyewe.

Niliyonayo ni hayo. Nimesomewa, ni maneno yangu, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya mpokeaji: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, na kuyamaliza saa 5:40 asubuhi. Mlalamikaji (kampuni) alipigiwa simu na kuondoa lalamiko. Kabla ya kuachiwa, mtuhumiwa aliletwa chumba hiki na shahidi akamweleza yaliyomo humu, mbele yangu. Mtuhumiwa aliuliza mama yake alifanya nini yeye alipolia. Shahidi alijibu kwamba mama hakukatisha kuimba. Aliacha maneno ya wimbo, akashusha sauti, akaendelea kwa kumbembeleza, na mtoto alikuwa ameanza kunyamaza yeye shahidi alipofungua mlango.