Kona ya Patasi

Nyumba ya kona, jirani na mashine ya kusaga
Jumapili, tarehe 9 Agosti, baada ya ibada

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa vizuri, maana nina mengi. U hali gani huko ugenini? Kile kifua kimepona, au bado unaoga maji ya baridi kwa ubishi? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi tunamshukuru Mungu, tunapumua. Magoti yangu yanalalamika, nimeyaambia yavumilie kama ninavyovumilia mimi. Mama ni mzima, anakula, anatoa amri. Habari zake ndizo zilizonikalisha hapa na kalamu.

Naanza kwa kuungama. Ulipoandika tuupendezeshe uso wa nyumba kabla hujaja Desemba, kisha ukaomba picha, nilikutumia picha ya mlango peke yake. Ukadhani simu yangu mbovu. Simu nzima, ndugu yangu. Ni aibu tu.

Fundi Rula, yule anayetembea na rula mfukoni na hajawahi kuitoa, alikuwa na vigae vilivyobaki kwenye kazi ya nyumba ya wageni. Akasema ukuta wa mbele ukivikwa vigae hautadai rangi mpaka mwisho wa dunia. Shemeji yako alisita. Mimi ndiye niliyesema viwekwe, niliviona kwa mbali vinang'aa nikajua utafurahi. Kumbe vilikuwa vya bafuni: bluu, vina samaki na mapovu. Tena vikaisha katikati ya ukuta, akamalizia na vya waridi. Nyumba ikawa kama mtu aliyevaa gizani.

Mtaa ukatubatiza Bafu. Siku ya pili tu, kinyozi wa ng'ambo ya barabara alipita na taulo begani. "Dada, foleni inaanzia wapi?" Nikamwambia, "Inaanzia kwako, wewe ndiye unayenuka." Tulicheka, lakini nilipoingia ndani nililia.

Hata hivyo kuchekwa si kitu. Lililonivunja ni la Mama.

Macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli tu. Lakini kila asubuhi alikuwa akienda kwenye ibada na kurudi peke yake, hataki kushikwa mkono. Miaka yote sikujua kwamba nyumba yake anaijua kwa kidole gumba. Lile jiwe la kona, ambalo marehemu Baba alikuwa akinolea patasi zake, limelika likaacha kibonde. Mama hupapasa kuta, na gumba likitumbukia pale anapinda, amefika. Fundi alikijaza saruji, akabandika samaki juu yake.

Kesho yake Mama akirudi kutoka ibadani alipapasa ukuta unaoteleza, akadhani ni kwa watu, akapita. Tulimkuta kwenye mashine ya kusaga amekaa juu ya gunia, unga umemjaa kichwani. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba yangu imehama bila kuniaga." Tangu hapo hakutoka tena. Majuma matatu, Kitindamimba. Nilikuwa nikimsikia akisali chumbani kwa sauti ndogo, kama mgeni anayeogopa kusumbua wenyeji.

Katikati ya hayo ikaja barua ya kamati ya mtaa. Vigae viondolewe ndani ya mwezi mmoja, ukuta wa mbele upigwe lipu laini, pasiwe na shimo wala alama, upakwe rangi ya maziwa kama nyumba zote. Kwa habari ya samaki nilisema amina. Lakini lipu laini! Tungekuwa tumemzika Baba mara ya pili, na Mama tumemfungia ndani.

Nikaenda kwa mwenyekiti, yule mwalimu mstaafu aliyekuchapa kwa kuchora ukuta wa darasa. Hajabadilika hata kidogo. "Nikikuachia wewe shimo, kesho kinyozi atataka dirisha la duara." Nikamwambia, basi njoo umwambie Mama mwenyewe.

Akaja na daftari lake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, sheria yenu ina macho. Mimi sina."

Mwalimu akafunga daftari. Akamwomba amwonyeshe mahali penyewe. Mama akapapasa kona, akasimamisha kidole juu ya kigae. "Kiko chini ya huyu samaki." Mwalimu akafungua daftari akaandika: jiwe la kona lisipigwe lipu, lipakwe rangi tu. Alipotoka alimpigia kelele kinyozi asifurahi, dirisha la duara hakuna.

Alhamisi Fundi Rula akaja, kichwa chini. Sote tuliogopa jiwe lisije likang'oka pamoja na saruji. Kwa mara ya kwanza nikaiona rula ikitoka mfukoni: alimwomba Mama anyooshe mkono, akapima gumba lake lilipo kutoka chini, kisha akakwangua kwa msumari, taratibu, asubuhi nzima. Ukingo mmoja ukamomonyoka. Nilifumba macho nikamwita Mungu. Nilipofumbua, Mama alikwisha kutia kidole. "Mmekipunguza," akasema. "Lakini ni chenyewe."

Leo amekwenda kwenye ibada peke yake. Mimi niliwahi kurudi, nikajibanza kwa kinyozi nyuma ya pazia. Akaja anapapasa, ukuta kwa ukuta. Gumba likatumbukia. Akapinda, akashika mlango, kisha akageuka: "Wewe uliyejificha kwa kinyozi, njoo uniwekee chai!" Kinyozi alicheka hadi akaangusha mkasi.

Safari hii nakutumia picha nzima. Ukuta una makovu ya vigae vilivyobanduliwa, lipu na rangi vinakuja wiki ijayo, na baada ya hapo tutafanana na kila mtu. Ukija usiitafute nyumba kwa macho. Anzia konani.

Shemeji yako anakusalimu, na shangazi pia, anasema umemsahau. Mama anasema uje umenyoa. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na mkono wako usikose ukuta wa kushika.

Wako akupendaye tangu nikikubeba mgongoni,

Dada yako