Upande wa Jua la Jioni

Baba Neema,

Mdogo wako Weston amenyang'anywa upande wake wa shamba la zabibu, na aliyemnyang'anya ni mimi. Nimeona nikuambie mwenyewe.

Tulipomaliza matanga yako alisimama mbele ya ukoo, akasema mjane anajua kuchuma majani ya mizabibu tu, zabibu zinaletwa na udongo. Akajichukulia mistari ya chini, karibu na barabara kuu, mimi nikaachiwa ya juu. Halafu akaweka sharti yeye mwenyewe: atakayeshindwa kutunza, upande wake uende kwa mwenzake. Alikuwa ananichimbia shimo. Wazee wakaitikia, na mimi udongo wa kaburini ulikuwa haujatoka kwenye viatu vyangu.

Mwaka wa kwanza aliacha majani yasongamane. Kijiji kizima cha Nanyala kikamsifia shamba la kijani. Kule ndani vichala havikupata hewa wala jua, vikaota ukungu, na mvinyo wake ukawa mkali, una ladha ya majani mabichi. Ndipo akaja kwangu na sabuni na sukari. "Shemeji, nisaidie. Nifanyeje?"

Nikakukumbuka siku ile uliporudi kutoka Dodoma na ujuzi wako, ukanishika mkono, ukaupeleka kwenye majani yanayofunika kichala. Ulisema, "Jua la asubuhi liingie, la jioni lizuie." Ulikuwa unanuka jasho na dawa ya mizabibu. Nakukumbuka mpaka nakasirika, mume wangu.

Basi nikamwambia, "Toa majani yote, shemeji. Vichala vikae wazi." Hilo la jioni nikalimeza. Akanishukuru sana. Sukari nikaipokea, nikainywea chai.

Kiangazi kilimkaanga. Zabibu za upande wa magharibi ziliungua ngozi, zikanyauka, na mvinyo ukawa na ladha ya kitu kilichochemshwa. Yule mnunuzi wetu wa Chapwa alionja, akatema, akapanda kwangu juu. Mvinyo wangu aliumaliza kikombe kizima ndipo akafungua mdomo kuongea. Wiki iliyopita ukoo ukakaa, wakamshika Weston kwa maneno yake mwenyewe.

Najua wewe ungemfundisha. Ile ni mizabibu uliyoipanda kwa mikono yako, nami nikaiacha iungue. Nililia nilipopita katikati yake. Lakini kujuta sijuti. Tukikutana utanigombeza.

Jana amekuja kuomba kibarua. Nimempa. Jumatatu anaanza kwenye mistari ile ile aliyoitwaa, na safari hii nitamfundisha vizuri, kwa sauti, hadi wapita njia wa barabarani wasikie: Weston, majani ya upande wa jioni usiyaguse.

Lala, Baba Neema. Nakuahidi ujira wake nitamlipa wote, na kumsamehe sitamsamehe.

Mkeo,
Mama Neema