Kabla ya Kuipaka Rangi Trakta Yako Ndogo

Lubumbashi

Mjukuu wangu Ngoy,

Sote hapa nyumbani tunakusalimu. Dada yako amefaulu mitihani, na goti langu linanisumbua kidogo tu. Nimeiona picha ya trakta ndogo ya bustani uliyoipata huko Pweto. Unauliza kama unaweza kuipaka rangi nyekundu na kuibadilishia kiti, ili umlimie mama yako kabla ya mvua.

Nilipokuwa msichana wa shule, baba yangu alinunua moja kuukuu kama hiyo. Padri angekuja Jumapili kuibariki, ndiyo desturi yetu. Nilitaka ing'ae, nikaisugua yote kwa msasa, hata kibati chenye namba ya aina yake, mpaka ikafutika. Jumatatu mkanda wa injini ukakatika, na muuza vipuri akauliza, "Iko ya aina gani?" Hatukujua.

"Ni nani alifuta namba?" baba akasema.

"Ni miye, baba."

Akanitazama, kisha akacheka. "Ah, mama! Uliisafisha mpaka ikasahau jina yake. Kuya, tuitafute."

Tulipangusa grisi pamoja mchana kutwa, mpaka vidole vyangu vikagusa tarakimu zilizochongwa ubavuni mwa injini. Baba akaniachia nizisome mimi, kwa sauti. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Basi ipake rangi, weka kiti unachopenda. Ila kwanza pangusa injini taratibu, unitumie namba utakayoikuta. Nitaenda mwenyewe katikati ya mji kukutafutia mkanda wa akiba.

Kambo yako, mama ya mama yako